Herufi Ndogo: Nani Alipanga Tusome kwa Saizi Gani?

Sehemu ya 1: Nukta moja

Leo naanza mfululizo mwingine. Utakuwa na sehemu sita. Safari hii siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea herufi. Vumilia kidogo, utaona kwa nini nesi anaongelea herufi.

Wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, nimetoka zamu, nimevua viatu tu, simu ikalia. Ni mama mmoja wa hapa Kakola. Ametuma picha ya karatasi ya dawa ya homa ya mtoto, na chini yake ameandika: "Nesi samahani kukusumbua usiku huu. Hii ni 25 au 2.5?"

Mtoto wake ana miezi minne. Mils mbili na nusu ni nusu ya kile kijiko kidogo cha dawa. Mils ishirini na tano ni vijiko vitano. Yaani mara kumi. Paracetamol tunaichukulia kama dawa ya kawaida kwa sababu kila duka linayo, lakini ikizidi sana inaharibu ini, na ini la mtoto mchanga bado ni dogo.

Huyu mama si mjinga. Amemaliza kidato cha nne, ana watoto watatu, kitabu cha hesabu za biashara yake ya mchele anakiandika mwenyewe. Ila usiku ule taa ya sola ilikuwa imefifia, mtoto analia mgongoni, na ile nukta kati ya 2 na 5 ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Mimi mwenyewe nilipoipokea ile picha ilibidi niivute kwa vidole viwili ndipo nikaiona. Nikamjibu: ni mbili na nusu mama, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, pima kwa hilo.

Alishukuru akalala. Mimi sikulala haraka. Kilichomwokoa mtoto yule ni vitu viwili: mama yake alikuwa na wasiwasi wa kutosha kuuliza, na simu iliweza kukuza kile ambacho karatasi ilikataa kukikuza.

Nikajiuliza: hivi mahali fulani, kuna mtu alikaa mezani akaamua nukta iwe ndogo vile. Nani alimpa kazi hiyo? Na ilikuwaje sisi wasomaji tukazoea kwamba ukishindwa kusoma, tatizo ni lako? Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Huku kwetu kila mtu anachimba kitu.

Sehemu ya 2: Kalamu, risasi na karatasi

Kiswahili kilianza kuandikwa zamani sana kabla ya herufi hizi unazosoma sasa. Pwani yetu yote, Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, Kilwa, watu waliandika kwa herufi za Kiarabu. Waliandika tenzi, barua za biashara, wosia. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulikuwa na mafundi walionakili Kurani kwa mkono, kazi nzuri mpaka leo inatunzwa kwenye makumbusho.

Ukiandika kwa mkono, saizi ya herufi iko kwenye kalamu. Anayekuandikia barua akijua macho yako yamechoka, anaweza kuandika kubwa. Ni kama mama anavyomkatia mtoto nyama: anamwangalia kwanza mdomo.

Mashine ya kuchapa ikabadilisha mambo. Mwaka 1864 alifika Unguja mmisionari Mwingereza, Edward Steere, wa ile misheni ya UMCA. Alikusanya hadithi za Waswahili, akaandika kitabu cha sarufi, na misheni yake ikawa na kiwanda kidogo cha uchapaji palepale Unguja. Waliojifunza kupanga herufi pale walikuwa pamoja na vijana waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ebu fikiria: kijana aliyeuzwa kama mbuzi, miaka michache baadaye anapanga maneno ya Kiswahili, herufi moja moja, kwa vidole vyake.

Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi. Risasi ile ile ya madini, si ya bunduki. Saizi ya kipande hicho ilipimwa kwa kipimo kiitwacho pointi, na mpaka leo kompyuta zinatumia kipimo hicho: pointi 72 ni inchi moja. Ukiona mtu kwenye steshenari anaambiwa "weka kumi na mbili", ni pointi hizo. Vitabu vingi vya kawaida viko kwenye pointi 10 mpaka 12.

Sasa angalia kilichotokea. Kiwanda kikishanunua seti ya herufi za risasi, hiyo ndiyo saizi. Huwezi kuwatengenezea mama Asha herufi kubwa na mama Kulwa herufi ndogo. Wote wanapata kitabu kimoja. Halafu kuna karatasi. Karatasi ilikuja kwa meli na ililipiwa. Ukikuza herufi, kitabu cha kurasa 100 kinakuwa cha 200. Kikiwa cha 200, bei inapanda na mzigo unakuwa mzito. Kwa hiyo mchapaji yeyote, hata mwenye moyo mzuri kabisa, alivutwa upande mmoja: punguza herufi, okoa karatasi.

Vitabu vya sala ndivyo vilivyoumia zaidi, maana vilitakiwa viingie mfukoni. Kama bibi yako alikuwa na kitabu cha nyimbo, kitafute ukiangalie. Herufi zake ni kama mchanga.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni hili: saizi ya herufi haikupangwa na daktari wa macho wala na mwalimu. Ilipangwa na bei ya karatasi.

Sehemu ya 3: Bibi yangu na kitabu cha pamba

Sehemu hii naiandika kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba. Hakusoma shule, maana zamani zile mtoto wa kike wa Kisukuma kazi yake ilikuwa kisima, jembe na mahari. Lakini alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, ana watoto watano tayari.

Na hapa Kanda ya Ziwa tuna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, ukafika Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambako leo tunaita Kagera. Ulikwenda mpaka 1972. Mradi huu ulifundisha kusoma kwa kutumia kazi ya mtu. Wasukuma wanalima pamba? Basi kitabu cha kwanza cha kusoma kiwe cha pamba. Unajifunza silabi huku unajifunza kupanda kwa mistari.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ambayo sisi wa afya tunapaswa kuipigia saluti mpaka leo: Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa kuzunguka redio, vikiwa na vijitabu mkononi, vikajifunza kuhusu choo, maji safi, malaria, kichocho. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka uliofuata, 1974, Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la wasomaji wapya, likiitwa Elimu Haina Mwisho. Na mwaka 1977 hesabu za serikali zikaonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamebaki asilimia 27, wakati miaka kumi nyuma ilikuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wote.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa hao waliohesabiwa kwamba wamejua. Alikuwa na kitabu chake cha pamba, amekifunika kwa gazeti, anakiweka juu kwenye dari na mbegu.

Sasa sikia. Mimi nilipopata akili, miaka ya tisini, bibi alikuwa hasomi. Barua ikija kutoka kwa mjomba ananiita mimi: "Njoo mayu, nisomee." Nilimuuliza, bibi, si ulisoma kisomo? Akacheka akasema, "Nilisoma. Nimesahau. Kichwa cha mzee ni kama debe lililotoboka."

Niliamini. Na yeye aliamini. Kijiji kizima kiliamini kwamba watu wa kisomo walisahau, kwa sababu walijifunza ukubwani.

Nimekuja kujua ukweli chuoni, kwenye somo la macho. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu, haijikunji vizuri kuangalia kitu cha karibu. Ni kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Si ugonjwa wa mtu mmoja, ni umri, inampata karibu kila binadamu. Utafiti uliofanyika vijiji vya Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta watu karibu 62 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hili la kuona karibu. Waliokuwa na miwani ya kusomea walikuwa wa kuhesabu.

Piga hesabu basi. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka 1971 akiwa na miaka 30, alifika 45 mwaka 1986. Miaka ileile ambayo angevuna alichopanda, herufi zikaanza kumkimbia. Hakuna aliyemwambia ni macho. Akasema, nimesahau.

Ni wangapi hao? Sijui ni wangapi, lakini mmoja wao alikuwa jikoni kwetu.

Sehemu ya 4: Wanaosogeza kitabu mpaka puani

Uingereza walistuka mapema kidogo. Mwaka 1964 bwana mmoja aitwaye Frederick Thorpe, wa Leicester, alianzisha vitabu vya Ulverscroft: hadithi zilezile za kawaida, ila kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wazee. Maktaba zikavigombania. Lakini vilikuwa vikubwa na vizito, mzee mwenye mikono inayotetemeka anakishika kama tofali. Baadaye ilibidi wavipunguze. Unaona karatasi inavyorudi kudai chake?

Kwa wasioona kabisa, Mfaransa Louis Braille alikuwa ameshatengeneza nukta nundu zake, akazichapisha mwaka 1829. Hapa Tanzania shule ya Buigiri, Dodoma, imewafundisha watoto wasioona tangu mwaka 1950. Lakini kuna kundi la katikati ambalo ndilo ninalotaka mlione: watoto wenye uoni hafifu. Wanaona, ila si vizuri. Hawa ndio wanaopotea, maana mzazi anasema "mbona anaona, juzi aliokota sindano?"

Huku kwetu kundi hili lina sura tunayoijua. Mtoto mwenye ualbino hana shida ya ngozi peke yake. Rangi inayokosekana kwenye ngozi inakosekana pia ndani ya jicho. Macho yanachezacheza yenyewe, mwanga unamuumiza, na hata ukimpa miwani haoni sawasawa na wenzake. Ubaoni haoni. Kitabuni anasogeza karatasi mpaka inagusa pua.

Tunaijua historia mbaya ya Kanda ya Ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, Shinyanga, Geita, Mwanza, kwa imani za kishirikina za utajiri, nyingine zikihusishwa na dhahabu na samaki. Watoto wengi walipelekwa shule ya Buhangija, pale Shinyanga mjini, wawe salama. Shule ile tayari ilikuwa ya watoto wasioona na wasiosikia. Waliokolewa roho, na hilo ni kubwa. Lakini mtoto aliyeokolewa roho bado anahitaji kusoma kama mtoto mwingine, na kitabu cha kawaida kwake ni ukuta.

Taasisi ya Elimu Tanzania imechapa vitabu vya kiada vyenye maandishi yaliyokuzwa kwa ajili ya watoto kama hawa. Ni hatua nzuri sana. Ila kumbuka hesabu ya karatasi: kitabu kimoja kinakuwa kikubwa na cha gharama, na kinapatikana kwa masomo ya shule. Hadithi ya kusoma kitandani, ile ya kufurahia tu, nani atamchapia?

Nilimhudumia mama mmoja, mtoto wake ana ualbino, yuko darasa la tatu. Mama aliniambia, "Mwalimu anasema ni mzito wa kuelewa." Nikachukua simu yangu, nikafungua hadithi fupi ya Kiswahili, nikakuza herufi mpaka mstari mmoja ukabaki na maneno matatu, nikageuza kioo kiwe cheusi na maandishi meupe ili mwanga usimchome. Nikampa. Yule mtoto akaanza kusoma kwa sauti. Hakusimama. Mama yake akaweka khanga usoni.

Hakuwa mzito. Alikuwa amepewa herufi za watu wengine.

Sehemu ya 5: Siku ukurasa ulipoyeyuka

Sasa tufike kwenye hiki kifaa mnachokishika hivi sasa.

Watu wa Marekani, Chuo cha MIT, walibuni aina ya kioo kisichotoa mwanga, na mwaka 1997 wakafungua kampuni ya E Ink. Ndani ya kioo hicho kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu au nyeupe zinapanda, na hapo unapata herufi. Ikishapangika inatulia hapohapo bila kula umeme mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa, na unasoma juani kama karatasi. Mwaka 2004 Sony waliuza kifaa cha kwanza cha namna hiyo Japani. Novemba 2007 Amazon wakaleta Kindle.

Kindle ile ya kwanza ilikuwa na aina moja tu ya mwandiko. Lakini ilikupa saizi sita za herufi. Kwa watu wengi hilo lilikuwa jambo dogo kwenye tangazo. Kwangu mimi ndilo jambo zima. Herufi za risasi zilimpa msomaji saizi moja, na sasa anachagua mwenyewe, kitabu kilekile, bei ileile, bila karatasi hata moja kuongezeka.

Miaka iliyofuata wakaongeza mengine: aina za mwandiko, nafasi kati ya mistari, ukubwa wa pambizo. Mwaka 2012 zikaja Kindle zenye taa ya kumulika kioo, na mwaka 2019 wakaongeza taa inayobadilika kuwa ya njano kama ya kibatari, kwa wasomaji wa usiku. Kuna hata mwandiko uitwao OpenDyslexic, uliotengenezwa kwa wanaochanganya herufi. Niseme ukweli kama nesi: majaribio mengi hayajaonyesha kwamba umbo lake linasaidia kuliko mwandiko wa kawaida. Kilichoonekana kuwasaidia baadhi ya watoto hao ni kutanua nafasi kati ya herufi. Kwa hiyo kabla hujahangaika na mwandiko wa ajabu, tanua nafasi.

Siri ya yote haya ni namna faili lilivyotengenezwa, na hapa naomba umakini, maana ndipo wengi tunapokwama. Kuna faili la PDF, lililoanza mwaka 1993. PDF ni kama picha ya ukurasa: maneno yamegandishwa mahali pake. Ukilikuza kwenye simu, ukurasa wote unakua, mstari unatoka nje ya kioo, unaanza kuvuta kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka unasahau ulikuwa unasoma nini. Halafu kuna faili la EPUB, lililokuja na jina hilo mwaka 2007. Hili maneno yake ni kama maji. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya yenyewe ndani ya kioo chako, kikubwa au kidogo. Hakuna kuvuta. Ukurasa umeyeyuka.

Najua mtasema, "Nesi, nani ana Kindle huku Bugarama?" Kweli, hata mimi sina. Huku kwetu kisoma-vitabu ni simu, hiyohiyo yenye kioo kilichopasuka kona. Lakini msiidharau. Mwaka 2014 UNESCO walitoa ripoti kuhusu watu wanaosoma vitabu kwenye simu katika nchi saba, jirani zetu Uganda wakiwamo. Wanaume walikuwa wengi zaidi kwa idadi. Ila wanawake, wakishaanza, walisoma kwa wastani wa dakika 207 kwa mwezi, wanaume dakika 33. Na theluthi ya waliohojiwa walisema wanawasomea watoto hadithi kutoka kwenye simu.

Wanawake. Wenye mtoto mgongoni na ugali jikoni. Dakika 207.

Sehemu ya 6: Fanya hivi usiku wa leo

Sipendi kuwaacha na historia tupu. Shika simu.

Moja. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya kioo au onyesho, utakuta ukubwa wa herufi. Sogeza mpaka usome bila kukunja uso. WhatsApp ina yake pia, iko kwenye mipangilio ya gumzo. Usione aibu kwamba jirani ataona herufi zako kubwa. Ukiogopa macho ya jirani utaumiza yako.

Mbili. Kwenye programu yoyote ya kusomea vitabu, gusa katikati ya ukurasa, tafuta alama ya Aa. Humo ndimo kuna saizi, nafasi ya mistari, na rangi ya nyuma. Mwenye macho yanayoumizwa na mwanga ajaribu nyeusi au ile ya kahawia hafifu. Wengine weusi unawachosha, kwa hiyo jaribu, chagua lako. Ukipewa uchaguzi kati ya PDF na EPUB, chukua EPUB.

Tatu. Karatasi ya dawa, kadi ya kliniki, tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye kopo la maziwa: piga picha kwa simu, kisha uivute kwa vidole viwili. Ukiwa bado na shaka, usimpe mtoto dawa kwa kubahatisha. Uliza. Nesi yeyote mwenye akili atafurahi kuamshwa kwa swali kuliko kuamshwa kwa dharura.

Nne. Kukuza herufi si tiba. Mtoto anayesogeza kitabu puani, anayeangalia kwa jicho moja, anayefuatilia mstari kwa kugeuza kichwa, apelekwe kliniki ya macho. Ukiona mboni ya jicho la mtoto inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya flashi, usisubiri wiki iishe, nenda kesho asubuhi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani, na zote zinataka kuwahiwa.

Tano. Simu si yaya. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Mchanga msimulie kwa mdomo, anataka sauti yako na uso wako. Mkubwa kidogo, ukimsomea hadithi kwenye simu, kaeni pamoja, soma wewe, muulize maswali, kisha zima.

Na wale mlio na mzee nyumbani anayesema "nimesahau kusoma", msimwamini moja kwa moja.

Bibi yangu alikuja kunitembelea hapa miaka michache iliyopita, anakaribia themanini. Simu yake ya kitochi ilikuwa imekufa, nikampa simu yangu ya zamani. Kabla ya kumkabidhi nikakuza herufi mpaka mwisho. Siku ya tatu nikiwa nafua nje, nikasikia sauti ndani, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"U-me-po-ke-a."

Nikaacha nguo kwenye beseni. Nikachungulia. Bibi amekaa kwenye mkeka, simu ameishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso.

"U-me-po-ke-a she-li-ngi e-lfu the-la-thi-ni."

Mjomba alikuwa amemtumia hela. Miaka yote hiyo meseji zake za hela alisomewa na watu. Waliposema kumi, alijua ni kumi.

Aliniona mlangoni. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Kumbe sikusahau."

Halafu akaniuliza kama namba ya siri inaweza kubadilishwa leo leo.

Ndiyo mwisho wa mfululizo wangu, mama zangu. Mkuzie mzee wako herufi kabla hujalala.

Nesi wenu, Bulyanhulu.